Geti Kabla ya Nyumba

Geti lilifika kabla ya nyumba, na hilo ndilo lililowachekesha majirani. Boahen alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa wiki mbili mfululizo, kila alipomaliza kazi za watu, alibaki karakanani akitengeneza lake. Mabawa mawili, juu mishale, katikati nyota ya chuma iliyomkunja mgongo siku tatu. Akalisukuma kwa mkokoteni mpaka uani na kuliegemeza ukutani, pale ambapo wapangaji sita walikuwa wanaanika nguo zao.

"Dada Dufie," jirani mmoja alimwambia mkewe, "sasa mtahamia nyuma ya geti au ndani yake?"

"Tutakuning'iniza wewe juu yake," Dufie alijibu, na uani wote wakaangua kicheko. Alicheka nao. Lakini moyoni hakucheka, kwa sababu alikuwa anahesabu siku, na zilibaki kumi na mbili tu.

Mwenye nyumba alitaka kodi ya miaka miwili kwa mkupuo, na si ile ya zamani bali mara mbili yake. Kama siku hizo zikiisha hawana, watoke, wanafunzi wa chuo wanavitaka vyumba. Dufie na Boahen walikuwa na pesa benki, tena si haba: sedi laki mbili na arobaini, jasho la miaka kumi na tisa. Dufie alikausha samaki kwa moshi na kuwauza soko la Bantama, na mumewe alichomelea madirisha ya nyumba za watu wengine. Pesa hizo kumpa mwenye nyumba zikaliwe miaka miwili, halafu warudi pale pale walipoanzia? Hapana. Safari hii walikuwa wananunua.

*

Dalali aliitwa Nti. Alivaa koti la suti juu na makubadhi chini, na tangu siku ya kwanza alizungumza na Boahen peke yake. Jumatatu hiyo alisimamisha gari mbele ya nyumba moja kongwe ya Tafo na kumfungulia Boahen mlango.

"Mzee wangu, karibu uone makazi ya mwanamume. Mama anaweza kungoja garini, jua ni kali."

"Jua na mimi tunafahamiana," alisema Dufie, akashuka.

Muuzaji alikuwa anawasubiri ndani. Jina lake Frempong, lakini mtaa mzima ulimwita Boga, kama wanavyoitwa wote waliokwenda kutafuta Ulaya na kurudi na mkufu shingoni. Alimpa Boahen mkono kwa shangwe. Alimpa na Dufie, kisha akatoa kitambaa mfukoni na kujifuta vidole kimoja kimoja. Dufie alimwona. Boahen naye alimwona, akaangalia pembeni.

Nyumba ilikuwa nzuri, kusema kweli. Vyumba sita vimeuzunguka ua, kuta nene za zamani ambazo mvua haizijui, na kisima chenye maji. Dufie alisimama katikati ya ua na, bila kutaka, akaanza kupanga: hapa majiko ya samaki, pale wasichana watasomea, kule geti. Anayesema hajawahi kutamani nyumba ya mtu ni mwongo, au ana yake.

Vyumba vitano vilikuwa wazi na vitupu. Cha sita kilikuwa na kufuli.

"Na hiki?" Dufie aliuliza.

"Takataka za marehemu," alisema Boga. "Ufunguo ulipotea zamani. Mkishanunua mtavunja."

Dufie aliligusa kufuli. Lilikuwa la zamani, lakini kidole chake kilitoka na mafuta. Akakisugulia kwenye kanga yake polepole.

"Pole kwa msiba. Marehemu alikuwa nani wako?"

"Baba. Mimi ni mtoto wake wa pekee."

"Na ndugu zake wa tumbo moja? Ana dada? Ana wapwa?"

Nti alicheka kwa sauti, akimtazama Boahen ili acheke naye. "Mama, hayo ni mambo ya bibi zetu. Siku hizi kuna sheria. Mtoto anarithi."

"Anarithi alichojenga baba yake mwenyewe; cha ukoo ni cha tumbo la mama, cha dada na wapwa. Ndiyo maana nauliza. Hii nyumba aliijenga nani?"

Boga alichezea mkufu wake.

"Mzee Boahen," alisema Nti, safari hii bila kicheko, "nakuheshimu. Nyumba kama hii ni laki nne. Bwana Frempong anarudi Italia, ndiyo maana anaitoa kwa mbili na arobaini. Kuna watu kutoka Accra wanaitaka leo hii. Nawapa mpaka Ijumaa, sababu ni nyinyi. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na nyumbani kwako, sijui nani anaongea kwanza, wewe au samaki?"

Boahen alicheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeumia na hataki kionekane, lakini alicheka. Hilo Dufie hajalisahau mpaka leo.

*

"Umenivua nguo mbele za watu," Boahen alisema jioni, akisukuma bakuli la fufu kabla halijafika nusu.

"Mimi nimeuliza swali. Aliyekuvua nguo ni Nti, na ulimsaidia kuvua."

"Tumeona nyumba kumi na moja, Dufie! Kumi na moja! Hii ghali, hii ina ufa, hii barabara itaipitia. Sasa tumepata, unaanza kuuliza habari za kaburini. Karatasi anayo. Nimeiona, ina muhuri."

"Muhuri unachongwa pale Asafo kwa bei ya samaki wawili."

"Basi kila mtu ni mwizi isipokuwa wewe."

"Sijasema ni mwizi. Nimesema simjui. Mtu akija kununua samaki kwangu, kwanza anamvunja samaki kidogo ananusa. Hasemi samahani, wala mimi sinuni. Sasa nyumba ya miaka kumi na tisa ya jasho langu niinunue nimefumba macho? Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia."

Kule nje mtu aligonga geti kwa kijiti makusudi, likalia, na watoto wakacheka. Boahen akainuka na kwenda kulala. Akaunti ya benki ilikuwa ya saini mbili, sharti ambalo Dufie alilidai tangu siku walipoifungua, na mumewe alijua kabisa kwamba asipotia saini mkewe hakuna hundi itakayotembea. Kwa hiyo hasira yake ilikuwa ya mtu aliyefungiwa ndani na ufunguo uko kwa mwingine.

Kulipopambazuka Dufie hakwenda sokoni. Alikwenda ofisi ya ardhi, akapanga foleni kwa saa tatu, akalipa ada ya upekuzi wa hati na kukabidhi namba ya kiwanja. Karani alimrudishia risiti bila kumtazama.

"Majibu baada ya siku kumi na nne."

"Mwanangu, natakiwa kulipa Ijumaa."

"Basi lipa Ijumaa, mama, na majibu uyasome baadaye."

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walicheka. Dufie aliikunja risiti mara nne na kuisunda kifuani. Serikali ina siku kumi na nne, alijisemea, mimi ninazo tatu. Akapanda gari la Tafo.

*

Ng'ambo ya barabara, mkabala na ile nyumba, palikuwa na kibanda cha mama mmoja aliyeuza kenkei, madonge ya mahindi yaliyofungwa kwa majani, jina lake Asabea. Dufie alinunua kenkei mbili, akafungua kanga na kutoa samaki wake mwenyewe, mnono, akampasulia mwenye kibanda nusu. Wanawake wawili wakila samaki mmoja hawawezi kukaa kimya muda mrefu.

"Hiyo nyumba?" Asabea alilamba kidole. "Ya Opanin Gyamfi. Mzee wa watu. Tulimzika mwaka juzi, msiba wa siku tatu, barabara hii yote ilifungwa kwa viti."

"Aliijenga yeye?"

"Aijenge kwa nini? Aliirithi kwa mjomba wake, yule tajiri wa kakao. Yeye alikaa tu. Si unaona bango lake lile?"

Dufie aligeuka. Nyuma ya mlango wa kibanda, kuziba tundu la upepo, lilikuwa limebandikwa bango la msiba. Jua lilikuwa limeshalifanya jeupe pembeni, lakini uso wa mzee ulionekana, na chini yake yale majina. Mwasante hazikwi kimyakimya. Bango lake humtaja kila mwenye haki ya kulia: mkuu wa ukoo, ndugu wa tumbo moja, wapwa, wajane, watoto, wajukuu, kila mmoja mahali pake, na akisahaulika mtu mmoja ugomvi wake hudumu kuliko kilio. Watu hupita mbele ya mabango hayo kila siku wasiyasome. Dufie alisogea, akasoma taratibu, kidole kwenye karatasi.

Mkuu wa ukoo: Opanin Boadi. Dada wa marehemu: Maame Tiwaa, wa Effiduase. Wapwa: majina saba. Kisha wajane, kisha watoto. Watoto walikuwa sita. Frempong alikuwa wa tano.

"Mtoto wa pekee," alisema Dufie.

"Nani?"

"Hakuna, dada. Nasoma tu." Akahesabu kwa vidole. Saba na mmoja na mmoja: watu tisa wenye nyumba yao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye karatasi yenye muhuri ya Boga. "Dada Asabea, hili bango unaliuza?"

"Msiba wa mtu niuze? Utaniletea laana. Lichukue. Ila nipe kitu cha kuziba tundu langu."

Dufie alimwachia kanga yake ya juu.

*

Maame Tiwaa alikuwa anabangua karanga barazani kwake Effiduase, siku ya Alhamisi, mgeni alipobisha. Alimpa maji kwanza. Akangoja ayamalize, ndipo akamwuliza, kama inavyopasa, ameleta habari gani. Dufie alifungua bango na kulitandika juu ya mkeka, kisha akaeleza yote: dalali, mkufu, bei, Ijumaa. Aliposema juu ya chumba chenye kufuli, mikono ya bikizee ilisimama.

"Takataka?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

Maame Tiwaa aliingiza mkono ndani ya nguo yake, akavuta kamba iliyokuwa shingoni. Mwisho wa kamba palikuwa na ufunguo.

"Kila baada ya wiki mbili naenda kukifagia. Kufuli nalipaka mafuta mwenyewe." Akaurudisha ufunguo kifuani. "Wewe mwanamke, ungeweza kunyamaza ukalipa, ukanitoa kwa polisi. Wengi ndivyo wafanyavyo."

"Ningekutoa, na wapwa zako wangenitoa mimi. Nina wasichana wawili, mama. Sitaki nyumba ya kulala jicho moja wazi."

"Saa ngapi hiyo Ijumaa?"

"Saa nne."

"Saa nne," alirudia bikizee, akaendelea kubangua karanga.

*

Ijumaa Boahen alivaa shati lake la kanisani. Hundi ilikuwa mfukoni, upande wake umeshatiwa saini. Dufie alimweleza kila kitu, na yeye alisikiliza huku akifunga vifungo, akajibu neno moja tu: "Tutaona." Mtu aliyejenga geti haachi nyumba kwa sababu ya karatasi ya msiba.

Uani Boga alikuwa amepanga viti. Palikuwa na wanaume wawili wageni waliovaa nguo za heshima begani. "Wazee wa ukoo," alisema. "Mashahidi." Nti alikuwa ameleta bilauri.

"Mama ameleta kinywaji cha shukrani? Safi. Tia saini, tunywe, tumalize. Watu wana safari."

Kwa Waasante kitu hakijauzwa mpaka kinywaji cha shukrani kinywewe mbele ya mashahidi. Karatasi huchanika, lakini koo lililomeza halikani. Dufie aliiweka chupa ya pombe kali mezani. Hakuifungua. Badala yake alikunjua lile bango na kulitandaza juu ya karatasi ya Boga.

"Kabla ya kunywa, niite majina. Nataka kujua ninamshukuru nani. Opanin Boadi, mkuu wa ukoo. Yupo?"

Boga alikodoa macho. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Ukutani. Maame Tiwaa, dada wa marehemu. Yupo?"

"Mzee Boahen," Nti alipaza sauti, "mwambie mkeo anyamaze! Wanaume tunafanya biashara, yeye anatusomea matanga! Umeoa mke au umeoa mahakama?"

Dufie alimtazama mumewe. Jambo lote lilikuwa limesimama hapo: shati la kanisani, hundi mfukoni, na kile kicheko cha Jumatatu. Boahen alijikuna shingo. Alitazama kufuli la chumba cha sita. Kisha akavuta kiti na kukaa.

"Endelea kusoma," alimwambia mkewe. "Na wewe Nti, ukimkatiza tena, tutaongea mimi na wewe bila bei."

"Maame Tiwaa," Dufie alisoma upya. "Yupo?"

"Yupo," sauti ilijibu kutoka mlangoni.

Aliingia polepole, na fimbo, nyuma yake mzee Opanin Boadi, na nyuma ya mzee wapwa wanne. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka chumba cha sita, akavua kamba shingoni, na kufuli likafunguka bila kelele. Ndani palikuwa na kitanda kilichotandikwa, sanduku, kigoda, na ufagio umesimamishwa pembeni.

"Takataka ndizo hizi," alisema.

"Shangazi," Boga alianza, "nilikuwa nimepanga kukueleza..."

"Ungenieleza nikiwa wapi? Barabarani, nimekalia godoro langu? Frempong, mimi ndiye niliyekupakata siku ulipopewa jina. Wewe ni damu yetu, hilo halifutiki. Lakini nyumba ya mjomba wangu si mkufu, huwezi kuivaa ukapanda nayo ndege."

Opanin Boadi alimgeukia mmoja wa wale mashahidi. "Na wewe, bwana, ni mtoto wa nani katika tumbo letu?"

Mtu yule aliweka bilauri chini kwa adabu kubwa. "Mimi niliitwa tu, mzee. Tuliahidiwa chakula."

Hakuna aliyejizuia, hata wapwa walicheka. Nti peke yake hakucheka. Wakati wengine wanafuta machozi, yeye alikuwa ameshafika kwenye gari lake.

Dufie aliichukua ile chupa na kumpa Maame Tiwaa kwa mikono miwili. "Sijaifungua. Iwe ya kujuana tu."

Boahen aliitoa hundi mfukoni, akaichana vipande vinne, akavirudisha mfukoni. Walipofika uani kwao, mbele ya geti, alisema, "Jumatatu nilicheka."

"Nilikuona."

"Sitacheka tena."

"Ukicheka tena nitakukausha," Dufie alisema. Halafu akaingia ndani akalia, kwa sababu ile nyumba aliipenda, na hakuna ushindi unaozuia hilo.

*

Jumamosi Maame Tiwaa aliwatumia ujumbe: jioni anarudi Effiduase, na haamini kama Boga ametosheka. Je, fundi ana rangi?

Rangi walikuwa nayo, kopo zima jekundu la kupaka geti. Boahen alilibeba mpaka Tafo, na Dufie akachukua brashi. Alianza upande wa barabarani, herufi ndefu kama mkono wake, kwenye ukuta ambao wiki hiyo hiyo alikuwa ameshaupaka rangi nyingine kichwani mwake.

"Nasikia una geti zuri," bikizee alimwambia Boahen kutoka barazani. "Nyumba yangu haina. Uniuzie."

Boahen alimtazama mkewe.

"Geti ni la nyumba yetu, mama," Dufie alisema bila kugeuka. "Bado hatujajua iko wapi, basi."

Zilibaki siku saba kabla ya kuhama. Alikuwa kwenye neno la mwisho pale gari la Nti liliposimama. Alishuka yeye, kisha kijana mmoja, kisha mwanamke mwenye sare nyeupe ya uuguzi. Mwanamke huyo alikuwa ameubana mkoba wake kwapani kwa mikono yote miwili, na Dufie hakuhitaji kuambiwa mlikuwa na nini. Nti alipomwona Dufie akaganda.

"Dada," Dufie alimwita muuguzi, "umeshalipa?"

"Tumekuja na nusu."

"Hiyo nusu ibane hivyo hivyo."

"Msimsikilize huyu!" Nti alifoka. "Ana wivu, nyumba imemshinda bei! Nani amekupa ruhusa ya kuchafua ukuta wa watu? Huyu ni muuza samaki tu!"

"Ndiyo, nauza samaki," alisema Dufie. "Samaki wangu." Akachovya brashi, akamalizia herufi ya mwisho, kisha akasogea kando ili wasome.

NYUMBA HII HAIUZWI.

Muuguzi alisoma. Alisoma tena, akamgeukia Nti, na Nti akaanza kueleza jambo refu kuhusu wivu wa majirani. Dufie alitoa lile bango kifuani, limeshachakaa kwenye mikunjo, akamwekea muuguzi mkononi.

"Huyu ndiye marehemu. Hao ndio wenye nyumba. Mwulize huyu bwana, mmoja mmoja, wako wapi."

Muuguzi aliweka kidole kwenye jina la kwanza, akaanza kusoma kwa sauti.